Tambua mbinu ya utafiti, kisha pima sampuli: mwongozo kamili wa hatua saba

Nikisahihisha karatasi za takwimu hapa Kisumu, kosa lile lile hunirudia kama mbu wa Dunga. Mwanafunzi anapewa aya moja inayoeleza utafiti, anaulizwa mambo mawili: mbinu gani imetumika, na je, sampuli inawakilisha kundi lengwa? La kwanza anajibu "sampuli nasibu" kwa sababu ameona neno "walichaguliwa". La pili anajibu "ndiyo, kwa kuwa watu 2,000 ni wengi". Alama zote zinakwenda na maji.

Si wanafunzi peke yao. Nimesoma ripoti za miradi zilizoandikwa na watu wenye shahada mbili, na kosa ni hilo hilo. Wanakimbilia jina la mbinu kabla ya kuuliza huyu mhojiwa aliingiaje kwenye hesabu. Hapa tutaanza na mlango, jina litafuata lenyewe.

## Unachohitaji

- Maelezo ya mbinu ya utafiti wenyewe. Kichwa cha habari gazetini hakitoshi, na muhtasari wa ripoti hautoshi pia.
- Karatasi moja na kalamu.
- Takwimu za sensa ya 2019 za kaunti husika, hasa mgawanyo wa wanaume na wanawake.
- Kikokotoo cha simu.

Mara ya kwanza itakuchukua kama nusu saa. Ukizoea, utamaliza ukisubiri matatu ijae.

## Hatua ya 1: Tenga kundi lengwa na sampuli

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kundi lengwa, yaani wote ambao hitimisho linadai kuwasemea. Kulia andika sampuli, yaani wale waliohojiwa au kupimwa hasa.

Tuseme mwanafunzi amewahoji wahudumu 120 wa bodaboda kwenye steji za Kondele, kisha akahitimisha kuwa "wahudumu wa bodaboda wa Kaunti ya Kisumu hawavai helmeti ipasavyo". Kulia ni hao 120 wa Kondele. Kushoto ni wahudumu wote wa kaunti, wakiwemo wa Seme, Muhoroni na kule Pap Onditi ambako barabara ni nyingine kabisa. Umbali kati ya pande hizo mbili ndio kazi yako yote iliyobaki.

Usitoe kundi lengwa kwenye kichwa cha ripoti, litoe kwenye sentensi ya hitimisho. Kichwa kinaweza kusema "Kondele" huku hitimisho limeshafika kaunti nzima bila nauli.

Tena, kundi lengwa si lazima liwe watu. Mtazame mama anayenunua omena kwa gunia. Hashiki zile za juu. Anapenyeza mkono hadi kiwiko, anachomoa za chini, anazikunjua kiganjani kuona kama zina mchanga au unyevu, kwa sababu anajua za juu zimepangwa kwa ajili ya macho yake. Kundi lengwa lake ni gunia zima, na konzi ile ndiyo sampuli. Hajasoma takwimu, lakini kuhusu kupanga kwa muuzaji anajua kuliko wengi wetu.

Umefaulu ikiwa sentensi ya kushoto inajibu nani au nini, wapi, na lini.

## Hatua ya 2: Uliza kama mtafiti alibadilisha chochote

Kama kila mmoja wa kundi lengwa alifikiwa, hiyo ni sensa. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 ndio uliokuwa usiku wa kuhesabia Kenya nzima, na Kaunti ya Kisumu ikapata watu 1,155,574. Hapo hakuna sampuli ya kubishania.

Kama baadhi tu walifikiwa, na mtafiti alitazama, alipima au aliuliza bila kubadilisha maisha yao, huo ni utafiti wa uchunguzi. Ukitumia hojaji, tunauita sarvei. Na kama mtafiti mwenyewe ndiye aliyeamua nani apate kitu na nani asipate, hilo ni jaribio.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo na mfano wa nyumbani.

Kabla ya miaka ya 2000 ilikuwa imeonekana mara nyingi kwamba maeneo ambako wanaume hutahiriwa yana maambukizi machache ya VVU. Lakini huo ulikuwa uchunguzi. Waluo kwa desturi hawakuwa wakitahiri, ilhali wengi wa majirani zao Waluhya walitahiri, na jamii hizi zinatofautiana katika mambo mengine chungu nzima: ndoa, dini, kazi za ziwani. Nani angeweza kusema kwa uhakika kuwa tofauti ilitokana na tohara na si mojawapo ya hayo?

Ndipo likaja jaribio la Kisumu. Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wasiotahiriwa na wasio na VVU, walijitokeza na kukubali kushiriki. Kwa bahati nasibu, 1,391 waliwekwa kwenye kundi la kutahiriwa mara moja na 1,393 kwenye kundi la kusubiri hadi miezi 24 iishe. Wote walipewa ushauri nasaha na kupimwa mara kwa mara. Waliopata maambukizi walikuwa 22 katika kundi la kwanza na 47 katika la pili. Jaribio likasimamishwa mapema, Desemba 2006, ili waliokuwa wakisubiri nao wapewe nafasi, na matokeo yakachapishwa 2007.

Kwa kuwa bahati nasibu ndiyo iliyowagawa, makundi yale mawili yalifanana kwa dini, kazi, tabia na hata mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyauliza. Kilichobaki kuwatenganisha ni tohara. Ndiyo maana jaribio la namna hii linaweza kusema "imesababisha", na uchunguzi unaishia kusema "vinaandamana".

Sasa onyo, na ulipigie mstari: kugawa kwa nasibu si sawa na kuchagua kwa nasibu. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba Kisumu akichagua wanaume kwa kura. Walijitokeza wenyewe. Jaribio lile lina nguvu ya kuonyesha kisababishi, lakini ukiulizwa kama wanaume 2,784 wanawakilisha wanaume wote wa Kenya, hilo ni swali jingine na jibu lake ni hapana. Wazee hawakuwemo, waliokwisha kutahiriwa hawakuwemo, wala wasiotaka kushiriki. Ukiona "nasibu" kwenye maelezo, uliza mara moja: nasibu ya kugawa, au nasibu ya kuchagua?

Jambo lingine la kuangalia ni kilichogawiwa. Katika utafiti wa dawa za minyoo uliofanywa Busia na Edward Miguel na Michael Kremer, aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, haikugawiwa dawa kwa mtoto huyu na kunyimwa yule wa dawati moja naye. Shule 75 za msingi ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25, moja likaanza matibabu 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Sababu ina mantiki: minyoo huambukizana, ukimtibu mmoja unamkinga jirani yake, na tofauti kati ya madawati mawili ingefifia. Ukiandika kwamba watoto waligawanywa mmoja mmoja, umekosa.

Umefaulu ikiwa umeandika neno moja (sensa, uchunguzi au jaribio) na, kama ni jaribio, umetaja nani alipata nini na aligawiwaje.

## Hatua ya 3: Fuata nyayo za mhojiwa mmoja

Chukua mhojiwa mmoja wa kubuni ndani ya sampuli. Muulize: "Wewe ulifikaje hapa?" Jibu lake ndilo jina la mbinu.

- "Jina langu lilitolewa kwa kura kutoka kwenye orodha ya wote." Nasibu sahili.
- "Nilikuwa wa 10 kwenye orodha, na mwenzangu alikuwa wa 20." Sampuli ya mpangilio.
- "Walitugawa kwanza kwa tarafa, wakapiga kura ndani ya kila tarafa." Sampuli ya matabaka.
- "Kijiji chetu kilitolewa kwa kura, wakaja kutuhoji sote." Sampuli ya vishada.
- "Nilikuwa napita tu." Sampuli ya urahisi.
- "Nilisikia tangazo nikapiga simu." Sampuli ya kujitolea.
- "Walitaka wanawake 50, nikawa wa 50." Sampuli ya mgao.
- "Walinijia kwa sababu mimi ni mkunga wa muda mrefu." Sampuli ya kimakusudi.
- "Shangazi aliwapa namba yangu." Sampuli ya kuelekezana. Vitabu huita mpira wa theluji, ingawa sijui ni nani kati yetu hapa Nyanza amewahi kuuviringisha.

Nne za kwanza zinategemea bahati nasibu. Zilizobaki zinategemea hiari au hukumu ya mtu, na hapo lazima uwe macho.

Matabaka na vishada huwachanganya watu kuliko yote mengine. Mwanafunzi mmoja alinifuata hadi mlangoni: "Mwalimu, si zote mbili ni makundi?" Ndiyo, ni makundi. Nikamwambia aangalie ni makundi mangapi yaliyotembelewa. Katika matabaka unaingia kila kundi na kuchukua wachache. Katika vishada unachagua makundi machache na kuchukua wote, au wengi, waliomo. Ukienda katika kila eneo bunge kati ya saba za Kisumu na kupiga kura ya watu 50, ni matabaka. Ukipiga kura ikaangukia Nyakach na Seme tu, ukahoji huko pekee, ni vishada.

Tafiti kubwa huvichanganya vyote. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 uligawa nchi kwanza kwa kaunti, kisha kila kaunti kwa mji na mashambani. Nairobi na Mombasa zilihesabiwa kuwa mji pekee, bila mashambani, kwa hiyo matabaka yakawa 92. Ndani yake vikachaguliwa vishada 1,692, na katika kila kishada kaya 25. Zidisha upate 42,300. Akiuliza mtu ni mbinu gani, jibu si neno moja: ni vishada ndani ya matabaka, kwa awamu mbili.

Kwa sampuli ya mpangilio, tazama kama orodha ina mdundo. Ukipita mtaa wa nyumba za kupanga ukibisha kila mlango wa nane, na kila mlango wa nane ni nyumba ya pembeni yenye kodi ya juu, umewahoji wenye pesa kuliko majirani zao bila kukusudia.

Umefaulu ikiwa unaweza kusimulia safari ya mhojiwa kwa sentensi moja bila kutaja jina la mbinu, kisha jina likaingia lenyewe.

## Hatua ya 4: Tafuta ambao wasingeweza kuingia

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa. Geuza swali: ni nani katika kundi lengwa hakuwa na nafasi yoyote ya kuchaguliwa?

Makosa yangu mwenyewe yalinifunza. Nikiwa mgeni kwenye kazi hii, nilitumwa kuhoji wafanyabiashara wa soko la Kibuye kuhusu mapato yao. Nikaenda Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku soko hufurika. Hojaji zilijaa kabla ya saa nane mchana, nikarudi nyumbani nikijipongeza. Jumatano iliyofuata nilipita hapo kununua nyanya, nikakuta soko la watu wengine kabisa. Wengi niliowahoji walikuwa wanazunguka masoko, leo hapa, kesho kwingine. Wenye vibanda vya kila siku walikuwa na shughuli zao Jumapili ile, wengine kanisani, na wale waliokuwepo walikuwa na wateja wengi mno wasiweze kunijibu. Niliowapata ni wale waliokuwa hawauzi sana saa ile. Nikapima mapato ya soko kwa kuwahoji waliokosa wateja!

Kwa hiyo kagua mambo manne. Orodha iliyotumika ilimwacha nani? Saa na siku zilimfungia nani nje? Njia ya mawasiliano, iwe simu, lugha au barabara ya lami, ilimpendelea nani? Na waliokataa kujibu ni wangapi, na wanafananaje na waliokubali?

Kisa maarufu zaidi cha hatua hii ni cha Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatabiri Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa sana kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa ukata mkubwa, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na waliozitupa. Mwaka huo huo George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha, alimtaja mshindi sawasawa.

Ukimsikia mtangazaji akisema "wasikilizaji wetu 3,000 wametuma ujumbe", kumbuka kadi zile.

Umefaulu ikiwa umeandika angalau kundi moja lililofungiwa nje, na ukaeleza matokeo yangesogea upande gani kama lingeingia. Hiyo sehemu ya pili ndiyo yenye alama. Kusema "kuna upendeleo" bila kusema unavuta wapi ni sawa na fundi kukwambia gari lina shida.

## Hatua ya 5: Linganisha na sensa

Sensa ya 2019 iliwahesabu wanaume 560,942 na wanawake 594,609 Kaunti ya Kisumu. Wanawake ni asilimia 51.5 hivi.

Tuseme ripoti ina watu 400 wa kaunti hii, na 262 kati yao ni wanaume. Hiyo ni asilimia 65.5. Ungetarajia kama 194. Tofauti ya watu 68 si ajali ya kura, bali wahojaji walisimama mahali pa wanaume. Huenda ni stejini, huenda ni kwenye vibanda vya kuchezea kamari. Rudi Hatua ya 4 na swali hilo mkononi.

Fanya hivyo kwa umri na kwa mji na mashambani ikiwa takwimu zipo.

Lakini usidanganyike na kinyume chake. Sampuli ya mgao inaweza kupata wanawake 206 na wanaume 194 kamili, na bado wote wakawa watu wa Milimani, mtaa wa wenye nacho. Kulingana na sensa kwa jinsia kunaondoa shaka moja tu.

## Hatua ya 6: Sasa, na si kabla, angalia ukubwa

Kwa sampuli nasibu sahili, gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa, utapata makadirio ya kosa kwa asilimia, yaani jibu linaweza kupotoka kiasi gani kutoka kwenye ukweli. Watu 400 hutoa kama asilimia 5 juu au chini. Watu 1,600 hutoa 2.5. Ukubwa wa kundi lengwa karibu hauna athari: 400 wa Kisumu na 400 wa Nakuru, yenye watu 2,162,202, hutoa kosa lile lile. Kwa vishada kosa huwa kubwa zaidi, maana majirani hufanana.

Kwa sampuli ya urahisi au ya kujitolea, usipige hesabu hii kabisa. Haina maana hapo.

## Hatua ya 7: Andika uamuzi

Usiandike "inawakilisha" au "haiwakilishi" ukaishia hapo. Andika sentensi tatu: mbinu na ushahidi wake, aliyeachwa nje na upande ambao matokeo yamevutwa, kisha kundi ambalo sampuli inaweza kulisemea kwa haki.

Sentensi ya tatu huokoa tafiti nyingi. Wale wahudumu 120 wa Kondele hawana kosa lolote. Mwandishi angesema "wahudumu wanaofanya kazi mchana kwenye steji za Kondele" nisingekuwa na ugomvi mkubwa naye. Mara nyingi sampuli ni nzuri kwa kundi dogo, na hitimisho ndilo limevaa viatu vya mtu mwingine.

## Jipime

Funika majibu kwa mkono.

Redio moja inawaomba wasikilizaji watume ujumbe kama wameridhika na maji ya bomba. 1,900 wanajibu. Sarvei, sampuli ya kujitolea. Mwenye mfereji mkavu ana sababu ya kutuma kuliko aliye na maji, kwa hiyo kutoridhika kumevimba. Asiye na mfereji kabisa hana la kujibu. Inawasemea waliotuma tu.

Afisa ana orodha ya shule zote za msingi za umma Nakuru, anatoa 12 kwa kura, anawahoji walimu wote waliomo. Sarvei, sampuli ya vishada. Inaweza kuwasemea walimu wa shule za umma, ingawa vishada 12 ni vichache na kura ikiangukia mjini mara nyingi utaona. Walimu wa shule za kibinafsi hawamo.

Katika mashamba ya mpunga ya Ahero, mtafiti anachukua daftari la wenye mashamba, anatoa wakulima 15 kwa kura katika kila bloku, anauliza gharama za mbolea. Sarvei, sampuli ya matabaka, na safi kwa sura. Wengi huandika "inawakilisha wakulima" na kufunga karatasi. Sasa soma tena: daftari la wenye mashamba. Jina lililoandikwa pale huenda ni la babu aliyezikwa zamani, na anayeingia matopeni ni mjukuu, au mtu aliyekodi kwa msimu mmoja. Aliyekodi ndiye analipa mbolea, tena juu ya kodi, na hayumo kwenye daftari.